Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno "Shindano" na Visawe Vyake

Maswali haya huulizwa na walimu, watangazaji, wahariri na waandaaji wa hafla kila wanapotakiwa kuandika kuhusu tukio ambalo watu au timu hukutana ili ajulikane aliye bora. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hilo, na wingi huo ndio unaowaponza wengi, kwani hudhani kwamba neno lolote kati ya hayo linaweza kukaa mahali pa jingine.

Neno "shindano" limetokana na nini?

Mzizi wake ni kitenzi "shinda". Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendana huwa "shindana", yaani kila mmoja anajaribu kumshinda mwenzake, na kutokana na "shindana" tunapata nomino "shindano", kama "pambana" inavyotupa "pambano", "patana" ikatupa "patano" na "agana" ikatupa "agano". Kwa kuwa kutendana kumo ndani ya neno lenyewe, shindano halina budi kuwa na pande mbili au zaidi. Mtu anayekimbia alfajiri peke yake huku akitazama saa yake anafanya mazoezi. Akitokea wa pili akaanza kumfukuzia, hapo ndipo shindano linapoanza, hata kama hakuna zawadi wala mwamuzi.

Kitenzi "shinda" kina maana nyingine ambayo haihusiani kabisa na ushindi, nayo ni kukaa au kuendelea na jambo mchana kutwa. Anayeulizwa jioni "Umeshindaje?" haulizwi alimshinda nani. Maana hizi mbili hutenganishwa na vitu vidogo sana katika sentensi: "alishinda na njaa" ni mtu ambaye hakula tangu asubuhi, ilhali "aliishinda njaa" ni mtu aliyepambana nayo akaimudu. Neno "shindano" limezaliwa upande wa ushindi tu.

Niandike "shindano" au "mashindano"?

Yote mawili ni sahihi, lakini hayafanyi kazi moja. "Shindano" hutaja tukio moja linaloanza na kwisha kwa tendo moja: shindano la insha, shindano la kuvuta kamba, shindano la kuchora nembo. "Mashindano" lina kazi mbili. Ya kwanza ni wingi wa kawaida, yaani shindano moja na jingine na jingine. Ya pili, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, ni kutaja tukio moja kubwa lenye hatua na mikutano mingi ndani yake. Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar lilikuwa na timu 32 na mechi 64, yaani 48 za makundi na 16 za mtoano, ukihesabu na ile ya kumpata mshindi wa tatu. Tukio hilo zima huitwa mashindano, na hakuna msomaji anayeshangazwa na umbo la wingi kwa jambo moja.

Kosa linalojitokeza sana ni la upatanisho wa kisarufi. Neno hili limo katika ngeli ya LI-YA, kwa hiyo tunaandika "shindano hili limeahirishwa" na "mashindano haya yameahirishwa". "Mashindano hii imeahirishwa" husikika katika mazungumzo ya haraka, lakini katika maandishi humfanya msomaji atilie shaka hata tarehe iliyotajwa kwenye tangazo. Idadi nayo ina mtego wake mdogo: "mashindano matatu" hakuna tatizo, ila "mashindano moja" hukwama mdomoni, kwa hiyo anayetaka kutaja idadi ya moja arudi kwenye umoja, aandike "shindano moja", au aipange sentensi upya bila idadi.

Je, "pambano" ni sawa na "shindano"?

Hapana, ingawa kamusi huyaweka karibu. Pambano ni la pande mbili zinazotazamana ana kwa ana, na kila upande unaweza kumzuia mwenziwe asifanikiwe. Ngumi ndizo makao halisi ya neno hili. Tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Mkutano huo ni pambano, na anayeuita shindano anaupunguza uzito, kana kwamba mabondia wale walikuwa wakiimba mbele ya majaji. Kwa upande mwingine, wanafunzi 200 wanaoandika insha, kila mmoja kwenye dawati lake, hawamo katika pambano, kwa sababu hakuna anayeuzuia mkono wa mwenzake usiandike. Wanashindana, basi.

Umbo "mpambano" la ngeli ya U-I lina maana ileile, na watangazaji hulipenda kwa kuwa lina mshindo zaidi. Wingi "mapambano" nao umehamia kwingine: tuna mapambano dhidi ya malaria, mapambano dhidi ya rushwa, mapambano ya ukombozi. Kwa hiyo ukiandika "mapambano ya kwaya", msomaji ataona wanakwaya wamefuatana uwanjani na marungu. Kwa mechi au ngumi nyingi katika usiku mmoja "mapambano" bado linafaa, mradi mchezo wenyewe utajwe palepale.

"Mchuano" na "mchujo" ni neno moja lililotamkwa tofauti?

Ni maneno mawili tofauti, na kuyachanganya hubadili habari. "Mchuano" hutokana na "chuana", yaani kushindana kwa kukaribiana sana. Wakimbiaji wawili wanaoingia mita mia za mwisho bega kwa bega wanachuana. Timu iliyofunga mabao 7 bila jibu haikuchuana na mtu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wahariri wanaokubali "mchuano" kwa mechi yoyote, kwani kufanya hivyo ni kulitupa neno zuri lililokuwa na kazi yake. Wingi "michuano" umeshalegea na sasa hutumika sawa na "mashindano" ya kimichezo, na hilo halina madhara.

"Mchujo" hutokana na "chuja". Mtu anapochuja chai, kioevu hupita na majani hubaki kwenye kichujio. Ndivyo ilivyo katika hatua ya mchujo, ambapo washiriki wengi huingia na wachache huruhusiwa kuendelea. Mchujo basi ni hatua ya awali ndani ya mashindano, au katika siasa ni hatua ya chama kumpata mgombea wake. Timu inaweza kutolewa kwenye mchujo bila kuufikia mchuano wowote wa maana.

Mechi, ligi, mtoano na kombe vinahusianaje na mashindano?

Mechi ni mkutano mmoja. Ligi na mtoano ni mifumo ya kupanga mechi ili zizae mshindi mmoja. Katika ligi kila timu hukutana na kila nyingine, kwa kawaida mara mbili, nyumbani na ugenini. Katika mtoano anayefungwa hufungasha virago. Tofauti yake huonekana kwenye hesabu: timu 16 zikicheza ligi ya nyumbani na ugenini zitahitaji mechi 240, lakini timu hizohizo zikicheza mtoano wa mechi moja moja zitahitaji 15 tu, kwa kuwa kila mechi humtoa mmoja na wa kutolewa ni 15. Kwa sababu hiyo si sahihi kuandika "ligi" kwa kila mashindano ya mpira, ingawa mitaani neno hilo huenezwa hata kwa bonanza la siku moja.

Kombe ni zawadi iliyolipa tukio jina lake. Kikombe ni udogo wa neno hilohilo, jambo ambalo wengi hawalikumbuki wanaposhangilia. Kombe la Dunia lilianza 1930 nchini Uruguay, na Kombe la Mataifa ya Afrika 1957 nchini Sudan. Katika sentensi zote mbili neno "kombe" halimaanishi chombo, linamaanisha mashindano yenyewe. Ni vyema pia kufahamu kwamba magazeti yetu huandika "fainali za Kombe la Dunia" kwa maana ya mashindano yote kuanzia makundi, si ile mechi ya mwisho. Anayetaka mechi ya mwisho aandike "fainali" kwa umoja, au "mchezo wa fainali".

Je, "mtanange", "kipute", "ngarambe" na "kindumbwendumbwe" ni maneno rasmi?

Ni maneno halali ya Kiswahili cha michezo, lakini si ya kila mahali. Msomaji wa Tanzania amezoea "mtanange", wa Kenya hukutana zaidi na "kipute" na "ngarambe" katika kurasa za michezo, na wote wawili huelewana bila mkalimani. Kazi ya maneno haya ni kupasha moto habari. Yanasema mechi ni kubwa, mashabiki wamejaa, na huenda mambo yakawa magumu. Pamoja nayo kuna "kivumbi", lenye vumbi linalotimuka ndani yake, na "patashika", ambalo mara nyingi huja na mkia wake: patashika nguo kuchanika.

"Kindumbwendumbwe" lina historia ya kuchekesha, kwani watu wazima wengi hulikumbuka kutoka kwenye wimbo wa watoto wa kumzomea kikojozi. Kelele na fujo za wimbo ule ndizo zilizohamia uwanjani. Sioni ubaya wa kulitumia katika habari ya mechi ya watani. Ila katika barua ya kumwalika mgeni rasmi, au katika kanuni za mashindano, litaonekana kama mtu aliyekuja kikaoni na vuvuzela.

Kwa ujumla maneno haya hayachukui jina la kudumu la tukio. Hakuna shirikisho litakaloandika kwenye katiba yake "Mtanange wa Taifa". Hutumika kwa mechi fulani ya siku fulani, na yakirudiwa mara tatu katika habari moja hupoa kabisa.

Kuna tofauti gani kati ya "ushindani" na "mashindano"?

"Ushindani" ni hali, "mashindano" ni tukio. Ushindani hauna tarehe wala ukumbi, kwa hiyo "ushindani wa kwaya utafanyika Jumamosi" ni kosa. Kwaya zitakuwa na mashindano Jumamosi, na huenda ushindani ukawa mkali. Katika biashara hali ni kinyume chake: wauzaji wawili wa bidhaa moja wana ushindani, hata kama hakuna aliyepiga filimbi ya kuanza. Ndiyo maana Tanzania ina Tume ya Ushindani, na hakuna aliyefikiri kuiita tume ya mashindano, kwani hiyo ingetarajiwa kupanga ratiba ya mechi.

Je, ni sahihi kusema "kushinda kombe" na "kushinda zawadi"?

Swali hili ndilo linalonichukulia muda mwingi kuliko yote, na jibu langu ni kwamba tunaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Katika matumizi yaliyokomaa, kinachoshindwa ni mpinzani, kikwazo au shindano lenyewe: tulimshinda, aliushinda woga, walishinda mechi. Kombe halikupigana na mtu, kwa hiyo halishindwi. Kombe hutwaliwa, hunyakuliwa, hubebwa. Taji huvaliwa au hutwaliwa. Ubingwa hutwaliwa au, kwa aliyekuwa nao, hutetewa. Medali huvishwa mtu shingoni, naye huirudisha nyumbani.

Kwa zawadi na tuzo lugha imetupa umbo maridadi sana, nalo ni "kujishindia". "Alijishindia baiskeli" hutueleza mambo mawili kwa pigo moja: kwamba alishinda, na kwamba ushindi huo ulimpatia baiskeli. Kirejeshi "ji" na kauli ya kutendea ndivyo vinavyobeba faida hiyo. Linganisha na "alishinda baiskeli", ambayo kwa sikio la mtu mzima inaweza kumaanisha kwamba mtu na baiskeli walipanda mlima mmoja, baiskeli ikachoka kwanza. Ninakiri kwamba "kushinda tuzo" limeshaenea, na siwezi kuliita kosa katika mazungumzo. Lakini ninapopewa maandishi niyasahihishe, ninalibadilisha kila mara, na mwandishi akisoma tena kwa sauti mara chache hulilalamikia badiliko hilo.

Kwa nini "nimeshindwa" husikika kama kusema nimefungwa na pia kusema sikuweza?

Kwa sababu Kiswahili huona mambo hayo kuwa ndugu. Kauli ya kutendwa "shindwa" ikifuatwa na "na" hutaja aliyekushinda: "nimeshindwa na mdogo wangu kwenye bao". Ikifuatwa na kitenzi katika umbo la kitenzi-jina hutaja jambo lililokuzidi: "nimeshindwa kufika". Ikiachwa peke yake, muktadha ndio huamua, na wakati mwingine utata huo huwa kimbilio la heshima. Mchezaji anayesema "tumeshindwa, basi" hajasema kama walizidiwa au hawakujituma.

Methali "Asiyekubali kushindwa si mshindani" hutumia tawi lote la neno hili kwa sentensi moja: "shindwa" ya kutendwa upande mmoja, na "mshindani", iliyozaliwa na kutendana, upande wa pili. Mshindani ni yule aliyekubali tangu mwanzo kwamba matokeo yanaweza kugeuka. Zamani aliyeshindwa aliitwa "mshinde", na kamusi bado zina neno hilo, lakini leo husikiki ukilisema; andika "aliyeshindwa".

Ni lini nitumie "mshindani", "mpinzani", "hasimu" na "mtani"?

"Mshindani" halina chuki. Ni yeyote anayewania unachokiwania. "Mpinzani" linatosha uwanjani, lakini siasa imelichukua kwa nguvu, hivi kwamba "wapinzani wamewasili" bila maelezo humpeleka msomaji bungeni. "Hasimu" lina uadui ndani yake, na husikitisha kuliona likitupwa ovyo kwa timu zilizokutana mara mbili tu.

"Mtani" ni neno lenye utamaduni mzima nyuma yake. Utani ni uhusiano unaoruhusu kukejeliana na kutaniana bila kununiana, na Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, huitwa watani wa jadi kwa maana hiyohiyo: shabiki wa upande mmoja anaweza kumcheka jirani yake wiki nzima, kisha wakala sahani moja. Ukiandika "mahasimu wa jadi" kwa timu hizo mbili, umesema jambo tofauti na kali zaidi. Baadhi ya waandishi hulikusudia hilo. Wengine hulifikia kwa kutafsiri habari ya kigeni bila kutazama kwamba neno la nyumbani lilikuwepo.

Vitenzi gani hutumika pamoja na mashindano, mbali na "kushindana"?

Kwanza tumalize ukoo wa "shindana" wenyewe. Unashindana na mtu, unashindania kitu, mwalimu huwashindanisha wanafunzi, na wanafunzi hushindanishwa. "Kushindana kombe" limekosa kiungo, liwe "kushindania kombe", au afadhali "kuwania kombe". "Kuwania" na "kugombea" hugawana kazi: tuzo na ubingwa huwaniwa, nafasi ya uongozi hugombewa. Mpaka huo hauna ukuta, kwani Kenya utasikia "mwaniaji wa kiti" na "mgombeaji", ilhali Tanzania "mgombea" ndiye anayetawala karatasi zote. "Kugombania" lina vurugu zaidi. Watoto hugombania pipi.

Baada ya hapo lugha inafungua ghala. Timu humenyana, kitenzi ambacho kwa sikio langu hakikosi picha ya watu wawili wakimenyana maganda kama viazi. Hupepetana, huvaana, huumana. Zikiwa na nguvu sawa hukabana koo, hutoana jasho, hupimana ubavu au hutunishiana misuli. Timu inayokwenda uwanjani hushuka dimbani, kisha hulisakata kabumbu. Anayeshinda humlaza, humchapa, humnyuka au humgaragaza mwenzake. Angalia kwamba vitenzi hivi vya ushindi vina kipimo ndani yake: bao 1 kwa bila halimgaragazi mtu. Mwandishi anayeandika "yagaragazwa 1–0" amewahi kicheko cha bure.

Kuna tofauti kati ya "sare", "suluhu" na "droo"?

"Sare" ni matokeo ya kulingana kwa idadi yoyote. Watangazaji wa Tanzania hutenga "suluhu" kwa matokeo ya bila kwa bila na kuacha "sare" kwa yenye mabao, kama sare ya 1–1. Kenya matokeo ya bila kwa bila huitwa "sare tasa". Mgawanyo huo wa Tanzania unasaidia, na ninaupenda, ingawa maana ya asili ya suluhu ni mapatano baada ya ugomvi. "Droo" ni upangaji wa nani akutane na nani kwa kura. Mitaani husikika pia "wametoka droo" kwa maana ya sare. Lisikike huko, lakini katika maandishi litamchanganya msomaji anayesubiri makundi. Mshindi asipopatikana kwenye mtoano, hupigwa penalti, ambazo wenyewe huziita matuta au mikwaju.

Je, maneno haya yanafaa kwa mashindano yasiyo ya michezo?

"Shindano" na "mashindano" yanafaa kote: kuhifadhi Qurani, kwaya, uandishi, upishi, ulimbwende. Maneno ya uwanjani hayasafiri vizuri kiasi hicho. Maswali na majibu ya haraka yana jina lake, "chemsha bongo", na hoja zikishindanishwa mbele ya hadhira jina lake ni "mdahalo". Mdahalo si mjadala. Katika mjadala watu huweza kuafikiana na kwenda nyumbani. Katika mdahalo kila upande umepewa msimamo wa kuutetea, na mwisho huwapo wa kuamua.

Washairi wana msamiati wao wa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa beti na Zahidi Mngumi wa Lamu, wakati miji yao ilipokuwa na uhasama. Mambo hayo huitwa malumbano au majibizano, na kuyaita "mechi ya mashairi" ni kuyakosea heshima. Tendo lenyewe ni kushindana bila shaka, maana kila ubeti ulitaka kuuzidi uliotangulia kwa vina na kwa fumbo, lakini hapakuwa na filimbi, na huenda hakuna aliyewahi kukubali kwamba alishindwa.

Na bahati nasibu, ni shindano?

Hapana. Katika shindano mshiriki huonyesha ustadi, nguvu au maarifa. Katika bahati nasibu huchomolewa namba. Tangazo linalosema "shiriki shindano letu" ilhali kinachotakiwa ni kutuma ujumbe na kusubiri, limetumia neno lisilo lake.

"Kinyang'anyiro" kinafaa kwa uchaguzi?

Kinatumika sana, na hakuna wa kukizuia sasa. Hata hivyo neno hili limetoka kwenye "nyang'anya", na ndugu zake wa karibu ni mnyang'anyi na unyang'anyi. Kwa kombe linalowaniwa na timu nne zenye njaa ya ushindi ni neno tamu. Kwa uchaguzi, mwandishi anayetaka kubaki katikati atapata utulivu zaidi katika "uchaguzi wa rais", "mbio za urais" au "kugombea urais", hasa kabla ya matokeo kutangazwa.

Kuna maneno yanayofanana nalo ninayopaswa kujihadhari nayo?

La kwanza ni "sindano". Niliwahi kupitisha mimi mwenyewe tangazo la "Sindano ya Kuimba", herufi moja ikiwa imedondoka na upatanisho ukifuata kosa kwa utiifu, na mzazi mmoja akapiga simu kuuliza chanjo hiyo ni ya ugonjwa gani. Kikagua tahajia hakikuona tatizo, kwa sababu sindano ni neno sahihi. La pili ni "kishindo", ambacho ni sauti ya kitu kizito kinachoanguka; hukutana na ukoo wetu katika "kushinda kwa kishindo" tu, usemi wenye mlio mzuri unaofaa pale tofauti ya matokeo ilipokuwa kubwa kweli. La tatu ni "shinda" lingine, la chombo kisichojaa: mtungi shinda ni ule wenye maji nusu au pungufu, na haujamshinda mtu.

Nikiandika tangazo rasmi, nitumie maneno gani?

Anza na neno la kawaida na ulitumie kwa uthabiti hadi mwisho. Tazama sentensi hii: "Kutakuwa na mchuano wa insha ambapo washindani watashinda zawadi kwenye kinyang'anyiro hicho." Ina majina mawili kwa tukio moja, inawaahidi washiriki wote kwamba watashinda, na zawadi imegeuzwa mpinzani. Sasa tazama hii: "Wanafunzi wote wanaalikwa kushiriki shindano la uandishi wa insha. Washiriki watatu watakaopata alama za juu zaidi watajishindia zawadi." Kinachofanyika kinajulikana, anayehusika anajulikana, na anayepata zawadi anajulikana.

Katika kanuni tumia "mshiriki" kwa kila aliyeingia, "mshindani" pale unapotaja uhusiano wake na wenzake, na "mshindi" baada ya matokeo tu.

Aliyefungwa kwenye fainali anaweza kuitwa "mshindi wa pili"?

Anaweza, na ndivyo tunavyosema. Wapo wanaolipinga neno hilo kwa hoja kwamba mtu aliyeshindwa mechi ya mwisho hawezi kuitwa mshindi wa chochote. Hoja hiyo husahau washiriki wote aliowapita hadi kufika pale: katika mtoano wa timu 16, mshindi wa pili ameshinda mechi tatu kabla ya kupoteza moja. Mwenye wasiwasi anaweza kuandika "aliyeshika nafasi ya pili". Neno ambalo halimfai ni "bingwa", maana bingwa wa pili hayupo.